Shairi Chini ya Kitambaa

Wiki iliyopita nilikuacha, msomaji, pale sokoni Nakuru, nikikimbia nyuma ya lori, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Juu ya lori alikuwa Mburu, mume wangu, pamoja na wanaume wengine wa Kikikuyu waliokusanywa asubuhi ile ya hali ya hatari. Hakulia. Alinipigia kelele neno moja tu.

"Usilisome!"

Waliosimama pale walidhani amerukwa na akili. Mtu anapelekwa kambini, na badala ya kuagiza blanketi anasema usilisome. Mimi peke yangu nilijua anasema nini.

Kama ndiyo kwanza unaanza kunifuata, jua hivi. Mimi ni Jeruto, binti wa wafugaji wa upande wa Rongai. Nilipoolewa na Mkikuyu, ndugu zangu walinuna, na ndugu zake wakanuna zaidi. Sisi wawili tukaacha wanune, tukafungua duka la chapa nyuma ya soko, tukaishi humo humo. Tulichapa kadi za harusi na matangazo ya mnada ili tupate kula, na tukishakula tulichapa mashairi. Vilikuwa vitabu vyembamba vya Kiswahili, vimeshonwa kwa sindano ya magunia. Hakuna aliyetuomba. Mburu alisema watu wa bara nao wana mioyo, na shairi si lazima linuke samaki.

Mashine tuliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akichapa gazeti la wafuga ng'ombe. Herufi zake za risasi zilitosha Kiingereza tu. Kiswahili kinalamba herufi A kama ndama anavyolamba chumvi. Ukurasa mmoja wa shairi ukishapangwa, A zote zimekwisha. Unachapa, unabomoa, unapanga mwingine.

Na Mburu alikuwa na tabia yake. Hakuandika shairi kwenye karatasi hata siku moja. Alilitunga pale pale mezani, akiokota herufi moja moja, vidole vimemtapakaa wino.

"Kalamu inaniharakisha," alikuwa akisema. "Risasi ni nzito. Inanipa nafasi ya kufikiri."

Siku ya lori alikuwa amebakiza mstari mmoja wa ukurasa wa mwisho wa kitabu chetu kipya. Aliuzungushia ukurasa ule uzi ili herufi zisitawanyike, akafunga fundo, akaufunika kwa kitambaa cheupe.

"Hili ni lako," akaniambia. "Usilisome mpaka nimalize. Nakwenda kununua sukari, nikirudi namaliza."

Sukari hiyo sijaionja mpaka leo.

Basi sikulisoma. Mvua za masika zikaja, zikaenda, zikaja tena. Kila asubuhi nilipangusa vumbi juu ya kitambaa, nikageuza uso.

Jirani yangu Naliaka, fundi wa cherehani, alinicheka mpaka akachoka.

"Hata kidogo? Funua kona moja tu."

"Hata kona."

"Wewe Jeruto, kichwa yako imejaa maji. Unajua kusoma hiyo risasi hata ikiwa imepinduka. Mimi ningekuwa nimeimba wimbo wake zamani."

"Siku nitakayolisoma kabla hajarudi, Naliaka, nitakuwa nimekubali kwamba harudi."

Hapo akakanyaga cherehani yake kwa nguvu.

Usidhani kungoja kule kulikuwa rahisi. A zangu zote zilikuwa chini ya kitambaa kile. Nilikataa kazi. Nilimkataa mwenye duka la vitambaa aliyetaka kalenda, nikawakataa kwaya ya kanisa waliotaka kitabu cha nyimbo. Walidhani nimekuwa na kiburi. Kitabu chetu cha mashairi kilikaa kwenye rafu, kurasa zote zimechapwa isipokuwa mmoja, kikamngoja mwenyewe kama mimi.

Halafu Jumapili moja, katikati ya ibada, mwalimu wa kanisa akavua miwani.

"Tumepata habari njema," akasema. "Kinyanjui wa Njoro na Mburu wetu wa chapa wameachiliwa. Watafika na treni ya Jumamosi."

Nilipiga kelele kanisani. Sioni haya kuisema. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia aliamka akasema amina.

Mama mkwe wangu, Wangeci, alikuja kutoka Molo siku mbili baadaye, na gunia la viazi mgongoni na kibali cha kusafiri kimefichwa kifuani. Huko Molo alikuwa akichuma maua ya pareto katika shamba la Mzungu. Nipe nafasi nikuambie kidogo juu ya mama huyu, maana bila yeye kisa hiki hakina maana.

Nilipoolewa alikataa kula chakula changu mwaka mzima. Mburu alipochukuliwa, tukabaki sisi wawili. Mimi Kikikuyu changu kilikuwa cha salamu tu, yeye lugha ya kwetu hakujua hata salamu. Kwa hiyo tuliongea Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake, na katika kukivunja tukapatana. Akaanza kuniita mtoto yangu. Akaanza kula.

Hakujua kusoma, lakini kichwa chake kilishika maneno. Kila shairi la mwanawe nililomsomea alilibeba mpaka kwenye mistari ya pareto, akalisema akichuma. Nikiruka neno, alinipiga kofi la mkono.

"Umeruka."

"Sijaruka, mama."

"Umeruka. Rudia."

Na kila mara aliuliza, "Na ile ya mwisho?"

"Iko dukani, mama. Inamngoja mwenyewe."

"Wacha ingoje."

Ijumaa niliondoka asubuhi kwenda kununua nyama na shati la Mburu. Nilihisi bado nayajua mabega yake. Nilichagua shati la mistari ya buluu, nikambishia muuzaji mpaka tukawa marafiki, nikarudi nyumbani nikiimba.

Mlangoni nikakutana na harufu ya magadi na mafuta ya taa.

Kila kitu kilikuwa wazi. Gunia la viazi limefunguliwa mdomo, mapazia yamefunguliwa kamba, aproni yangu ya kazi imetandikwa kitini mikanda ikining'inia. Hata mzigo wa karatasi uliokuja umefungwa kwa katani ulikuwa umeachiliwa. Mama alikuwa katikati ya chumba, mikono imemwiva kwa magadi, uso unang'aa.

"Nimefungua zote," akasema. "Nyanya yangu ndiye alinifunza. Mtu akiwa kwa njia anarudi, nyumbani hakuna kitu inakaa na fundo. Fundo ya nyumba inamshika miguu."

"Vizuri, mama," nikasema.

Kisha nikaona kamba ya nguo. Kitambaa cheupe kilikuwa kimeanikwa, kimefuliwa, kinachuruzika maji.

Nikatazama meza. Ilikuwa tupu, imesuguliwa.

"Hata hii chuma chuma," mama akaendelea, akinivuta mkono nione beseni langu la kufulia. "Ilikuwa kwa meza, chini ya kitambaa, imefungwa na uzi. Chafu, we! Mtoto yangu ametoka kambini, ashike uchafu namna hii? Nimeosha moja moja na mswaki. Angalia vile inang'aa. Hii yenye tundu ndiyo napenda."

Akaniwekea kiganjani O moja ya risasi, safi kabisa.

Ndani ya beseni zilikuwa nyingine zote. A zangu zote. Shairi la Mburu lilikuwa limelala ndani ya maji ya magadi, na ningeweza kulichota kwa kikombe.

Nilikaa chini. Sikukaa kitini, nilikaa sakafuni.

Uso wa mama ukabadilika.

"Jeruto, nimeharibu kitu?"

Nitakuambia nilichokihisi, maana sina sababu ya kukudanganya wewe. Nilitaka kupiga yowe mpaka bati la nyumba liruke. Nilitaka kumuuliza kama alijua ni asubuhi ngapi nimegeuza uso, kama alijua nimekataa kazi gani na nimelala njaa gani. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno.

Halafu nikakumbuka kesho ni Jumamosi.

Kesho Mburu angesimama hapa hapa. Shairi lilikuwa kichwani mwake, si ndani ya beseni. Nikamwona akicheka mpaka anashika mbavu, akisema mama yangu amelisafisha shairi langu kuliko mhariri yeyote. Angevua koti, angelipanga upya, na safari hii angelimaliza. Moyo wangu ukashuka, ukakaa mahali pake.

"Hapana, mama," nikasema. "Hujaharibu kitu. Umefanya vizuri. Asante."

"Kweli?"

"Kweli."

Akaokota ule uzi uliofunga shairi, akauzungusha vidoleni, akautia mfukoni. "Uzi mzuri," akasema. "Si wa kutupa." Tukamenya viazi pamoja.

Jumamosi tulifika stesheni kabla hata ya watu wa mizigo. Mama alikuwa na chupa ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi la hindi, ameikumbatia kifuani isipoe. Mimi nilikuwa na shati.

Treni ikaingia. Watu wakashuka, wakakumbatiana, wakaenda zao. Nikawa natazama mlango baada ya mlango.

Akashuka Kinyanjui. Nilimjua kwa kimo chake, maana uso ulikuwa umebaki mifupa. Kwapani alibeba blanketi la kijivu lenye kiraka chekundu. Kiraka kile nilikishona mimi, nikampelekea Mburu kambini.

"Mburu yuko behewa gani?" nikauliza.

Kinyanjui akalibana blanketi kwapani.

"Nakuuliza, yuko behewa gani?"

"Dada," akasema, "tulikuwa tumeitwa majina sisi wote wawili. Alikuwa amekunja blanketi. Tukapelekwa kambi ingine kungoja makaratasi. Tumbo ikamshika hapo. Ilikuwa imeshika wengi."

"Yuko hospitali gani?"

"Dada."

"Hospitali gani, Kinyanjui?"

"Tulimzika huko huko. Hawakuturuhusu hata kuweka alama."

Nilimgeukia mama nimshike asianguke. Hakuanguka. Alikuwa anamtazama Kinyanjui kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Wewe umekula?" akamuuliza.

"Bado, mama."

Akafungua chupa, akampa maziwa ya mwanawe. Alisimama pale akimtazama mpaka akayamaliza, akampokea chupa, akampangusa mdomo kwa ncha ya leso yake. Hapo ndipo alipolia.

Kinyanjui akanipa blanketi. "Kuna kitu nataka kukuambia, dada, kitu ya Mburu," akasema. Lakini askari alikuwa anawaita wote waliotoka kambini wakapange foleni, na yeye alitakiwa Njoro siku hiyo hiyo. "Nitakuja kwa maombi," akapiga kelele akisukumwa. "Wakinipa ruhusa nitakuja!"

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye kona ya soko, pale pale lilipomchukua lori, ndipo beseni liliponirudia akilini.

Sikuwa nimelikumbuka stesheni. Sasa lilikuja lote kwa mara moja. Lile shairi halikuwa tena kichwani mwa mtu. Neno la mwisho alilonipa mume wangu, aliloniambia hili ni lako, lilikuwa limesuguliwa kwa mswaki. Nilikuwa nimemtii mpaka nikalipoteza. Ningefunua kona moja tu, msomaji. Kona moja tu, kama Naliaka alivyosema.

Nitasema ukweli wote. Kuanzia kona ile mpaka mlangoni kwangu nilimchukia yule mama. Nilitembea mbele yake makusudi ili nisimwone.

Akanifikia, akanishika mkono.

"Jeruto, sisi hatuna kaburi," akasema. "Hakuna mahali nitaenda kung'oa majani. Watu wakiuliza mtoto yangu amelala wapi, sina mahali ya kuonyesha." Akavuta pumzi. "Lakini tuko na ile shairi ya mwisho. Siku ya maombi utasoma mbele ya watu. Hiyo ndiyo itakuwa kaburi yake."

Chuki yangu ikafa pale pale, na nilichobaki nacho kilikuwa kibaya zaidi.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Naliaka alikuja kunipikia chai, nikamwambia yote.

"Mwambie," akasema.

"Nimwambieje? Ni mikono yake iliyoosha. Unataka nimuue na yeye?"

"Basi soma ingine ya Mburu."

"Anayajua yote. Nikianza tu, atamalizia."

Naliaka akakoroga chai muda mrefu. "Basi tunga wewe."

"Mimi? Mimi ni mpanga herufi, Naliaka. Mburu ndiye mshairi."

"Umechapa maneno yake miaka yote hii na vidole haijajifunza kitu?"

Asubuhi ya maombi nilikaa na karatasi. Haikuandikika. Kila neno nililoliweka lilikuwa langu, na mama angejua. Nikaikunja karatasi ile tupu mara nne, nikaitia mkononi, nikatoka.

Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, kwa nyakati zile ambazo watu waliogopa hata kusimama watatu. Walijaa dukani, wakamwagika mpaka uani. Kwaya niliyowanyima kitabu walikuja wakaimba bila kitabu. Juu ya meza ya chapa, mahali pa jeneza, mama alikuwa ameweka blanketi la kijivu. Amelikunja vizuri, amelifunga kwa ule uzi alioutia mfukoni.

"Sasa hakuna mtu kwa njia," aliniambia alipolifunga. "Sasa naweza kufunga fundo."

Mwalimu wa kanisa akaomba, akakaa. Mama akasimama.

"Mtoto yangu aliacha shairi moja kwa bibi yake," akasema. "Hakuna mtu amesikia, hata mimi. Leo Jeruto atasoma." Akanishika mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia.

Nikafungua karatasi, nikaielekeza kwangu. Nyeupe. Naliaka aliinamisha kichwa.

Sijui maneno yalitoka wapi. Labda ni kweli vidole vinajifunza. Nilimtazama mama, si karatasi, na sauti ikatoka.

*"Mama usifunge lango, mwanao niko njiani,*
*Nimebeba kwa mgongo vumbi la huko kambini..."*

Mikono ya mama ilinibana. Akafumba macho. Midomo yake ilianza kusogea nyuma ya yangu, anayashika maneno, anayaweka kule anakoyaweka. Mtu mmoja akasema ee Bwana. Nikamwona mama anatabasamu, machozi yanamshuka, na kwa mara ya kwanza tangu stesheni nikavuta pumzi hadi chini. Nikasema moyoni, Mburu nisamehe, mama yako amepata kaburi.

*"Sikuambii uongo, njaa yangu ni nyumbani..."*

"Hapana."

Sauti ilitoka mlangoni. Watu wakageuka.

Kinyanjui alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Njoro.

"Mnisamehe, watu wa Mungu," akasema, akihema. "Mama, unisamehe. Hiyo ni nzuri, lakini hiyo si ya Mburu. Ya Mburu mimi naijua yote. Alikuwa anatuambia kila jioni mpaka tukashika. Hata mstari wa mwisho alimalizia huko."

Nilimtikisia kichwa. Nilimsihi kwa macho. Hakuniona, alikuwa anamtazama mama, na alikuwa na furaha ya mtu anayeleta zawadi.

"Dada Jeruto labda ameshindwa kusoma kwa sababu ya uchungu," akasema. "Lakini tuangalie tu, iko hapa. Alituambia mpaka mahali iko. Si kwa karatasi. Alisema iko kwa meza ya chapa, ya herufi ya risasi, chini ya kitambaa cheupe. Imefungwa na uzi."



Mama akafumbua macho. Akatazama meza. Akatazama uzi uliofunga blanketi, na fundo alilolifunga mwenyewe. Taratibu akaniachia mkono, akaigeuza mikono yake viganja juu, akaitazama, mmoja, kisha wa pili.

"Jeruto," akasema. "Si nilikuuliza kama nimeharibu kitu?"